Wazee Wawili Waliokataa Kupona

Nimestaafu, na jambo la kwanza nililogundua ni kwamba watu hutembea vibaya hata nje ya hospitali. Nikiketi kibarazani kwangu hapa Nyamira nawaona wakipita barabarani. Huyu anaburuta kisigino, yule nyonga imemlala upande mmoja. Zamani nilikuwa nangoja waniletee shida zao. Sasa zinapita mbele yangu bure, na mume wangu amenikataza kuwaita. Anadai kwamba majuzi nilimsimamisha mhubiri aliyekuwa akiwahi mazishi nikamwomba asimame kwa mguu mmoja. Ni kweli. Alisimama, ila si kwa muda wa kuridhisha.

Ndipo nikaona heri niwaandikie ninyi mliobaki idarani, mikono yangu ipate kazi.

Nilipofika hospitali ile ya Kisii mara ya kwanza, idara ya fiziotherapia ilikuwa chumba kilichowahi kuwa stoo ya magodoro. Mkuu wake alikuwa Bwana Ombati, mtu mnene, mpole, mwenye viganja vikubwa kama sinia. Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa mashine. Nikamwuliza mashine ziko wapi. Akanionyesha kidato kimoja cha mbao cha kupandia, kiti kisichoyumba, na tyubu ya baiskeli iliyokatwa katikati.

"Hiyo mashine ya mawimbi ya sauti tuliletewa," akasema, akielekeza kidole kwenye kitu kilichofunikwa shuka. "Inapiga kelele vizuri sana. Mgonjwa akikataa kuamini kwamba ametibiwa, tunaiwasha."

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mama aliyekuja na mafuta yake mwenyewe ya kupikia, ndani ya karatasi. Aliniangalia kutoka juu hadi chini akauliza, "Wewe ndiye wa kukanda?" Nikaanza kumweleza kuhusu misuli inayoshika nyonga. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza, kisha akanipa yale mafuta.

Bwana Ombati alinifundisha mengi, lakini nitawaachia hili. Alikuwa akisema, "Usimwulize mgonjwa panauma wapi. Hilo atakwambia hata usipouliza. Mwulize alikuwa akifanya nini." Wakimbiaji hasa. Mkimbiaji atakuonyesha muundi, kisigino, goti, halafu atanyamaza kama mtu aliyekamatwa. Kumbe mwaka mzima alikuwa amelala, na wiki ya kuandikishwa polisi ndipo akapanda vilima vyote vya Nyamira kwa mara moja. Mwili si mgumu kuelewa. Ukiongezewa kazi kidogo kidogo, unazoea. Ukishtukizwa, unanuna. Vijana wa siku hizi wananionyesha kwenye simu video ya mtu wa nchi nyingine akijiviringisha juu ya gurudumu la sponji. Nawaambia sawa, viringika, halafu njoo hapa kwenye kidato uinue visigino polepole mpaka shavu la mguu liwake moto.

Sasa niwasimulie kesi iliyonishinda kuliko zote. Haikunishinda kwa sababu wagonjwa hawakupona. Ilinishinda kwa sababu walipona.

Wa kwanza kufika alikuwa Mzee Nyabuto kutoka Sironga, mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa la Waadventista, mwenye shamba la chai linalotunzwa kama sebule. Alikuwa ameshapita sitini muda mrefu. Aliingia akichechemea, amevaa suti na gambuti.

"Hii kisigino yangu," akasema. "Huku nyuma. Asubuhi nikiamka nashindwa hata kwenda kunawa."

"Umekuwa ukifanya nini, Mwalimu?"

"Kuchuma chai."

Niliibonyeza ile kano ya kisigino. Ilikuwa imevimba kama kamba iliyolowa. Nimeona miguu ya wachuma chai wengi. Huumwa mgongo, huumwa mabega. Hii haikuwa ya chai.

"Chai gani hiyo, Mwalimu? Inakimbia?"

Akatazama mlango. "Funga kwanza."

Mjue kwamba kwetu mzee wa heshima hakimbii. Ukimwona mzee anakimbia, tazama nyuma yake utaona moshi. Kwa hiyo Mzee Nyabuto alikuwa akifanya mazoezi yake kati ya mistari ya michai, amevaa gambuti, amebeba kikapu mgongoni, ili jirani akimwona aseme tu kwamba mwalimu ana haraka ya kupeleka majani kituoni. Mwanawe Evans alitaka kumwoa Kemunto, binti ya Mzee Makori wa Nyakoe, mfanyabiashara wa matoke, Mkatoliki na mwenyekiti wa kwaya. Mazungumzo ya posa yalikwenda vyema. Ng'ombe walikubaliwa, soda zikanyweka. Mpaka ilipofika habari ya harusi ifanyike kanisa gani na siku gani. Makori alitaka Jumamosi kwao. Nyabuto akasema Jumamosi ni Sabato, hata angefufuka babu yake. Makori akacheka, akasema, "Huyu tangu shuleni hapendi kushindwa."

Hapo ndipo palipoharibika. Kwani hao wawili walisoma pamoja, na wakiwa vijana walikimbia mbio moja ya shule, mizunguko minne, na tangu siku hiyo kila mmoja husema ndiye aliyeshinda. Mwamuzi alikuwa amekufa. Kombe lilikuwa limepotea. Wakabishana mpaka wazee wa pande zote mbili wakaamua warudie mbio, na mshindi achague kanisa.

"Wazee walikubali jambo kama hilo?" nikamwuliza.

"Chakula kilikuwa kinapoa," akasema Mzee Nyabuto.

Siku chache baadaye akaingia mzee mwingine, mfupi, kifua mbele, viatu vyeusi vya kanisani vimeng'aa. Goti lilikuwa limejaa maji.

"Ulikuwa ukifanya nini, Mzee?"

"Nilikuwa nafukuza jogoo."

"Alitoroka?"

"Namtoa mwenyewe." Akashusha sauti. "Kila alfajiri namfungulia. Mtu akiuliza mbona Makori anakimbia, si wanaona jogoo? Shida ni kwamba huyo jogoo hakimbii moja kwa moja. Yeye akikata kona, na mimi nakata. Siku hizi amekuwa na mbio mbaya sana. Nafikiri ananifundisha yeye."

Sikuhitaji kuuliza jina lake.

Siri ya mgonjwa ni siri, kwa hiyo niliwapangia siku tofauti. Nyabuto nilimvua gambuti nikamweka kwenye kidato: panda kwa miguu miwili, shuka polepole kwa mmoja. Makori nilimfunga tyubu juu ya magoti nikamtembeza ubavu ubavu kama kaa, nikamkataza kukimbizana na kiumbe chochote chenye kona. Wote wawili nikawafundisha hatua fupi, za haraka, mguu utue chini ya mwili na si mbele yake. Wote wawili walitaka kujua, wakijifanya hawataki kujua, kama labda kuna mzee mwingine anayekuja hapa. Nikasema wazee ni wengi.

Kisha ikaja sikukuu ya taifa ikavuruga siku zetu zote za kliniki. Jumanne iliyofuata nilipofungua mlango niliwakuta wawili hao kwenye benchi moja la nje, kila mmoja amegeuzia mwenzake kisogo.

"Daktari," akasema Nyabuto, "unamtibu huyu?"

"Natibu goti."

"Goti ni lake!"

"Na yeye anapewa dawa gani?" Makori akadakia. "Mimi napewa mpira. Yeye je? Nasikia anapewa kidato. Kwa nini mimi sipewi kidato?"

Nikawaeleza kwamba maumivu tofauti yanataka mazoezi tofauti. Ilikuwa sawa na kueleza benchi. Kila mmoja aliamini kwamba zoezi zuri amepewa mwenzake. Mwishowe nikasema basi, mtakuja pamoja, saa moja, kila Jumanne, mtafanya yote, tena mtashikiana tyubu ili pasiwe na mwenye kupunja.

Miaka yote niliyofanya kazi sijaona tiba iliyokwenda kwa kelele namna ile. Makori akipanda kidato, Nyabuto anahesabu, na anapohesabu anarudia namba ili Makori afanye zaidi. Nyabuto akivuta tyubu, Makori anaiachilia kidogo, imchape.

"Miguu kama mikia ya panya!"

"Na wewe kichwa kama boga lililokataliwa sokoni!"

"Siku ile ulianza kabla ya filimbi!"

"Filimbi gani? Wewe ulikuwa unafunga kamba ya viatu!"

"Sikuwa na viatu!"

Wagonjwa wengine wakaanza kuhamia Jumanne. Mama mmoja wa kiharusi, ambaye hakuwa ametamka neno tangu augue, alimwelekezea Makori kidole, midomo ikahangaika, kisha likatoka wazi kabisa: "Muongo!" Chumba kizima kilipiga makofi. Nyabuto alimpelekea ndizi mbivu kila wiki tangu siku hiyo.

Na wakapona. Uvimbe ulikwisha kwenye goti, kano ikalainika. Niliwapima kwa kidato, nikawapima kwa kurukaruka kwa mguu mmoja, nikawatoa wakakimbia nyuma ya wodi mahali pasipo na watu wa Sironga wala wa Nyakoe. Walikimbia kama watu wa nusu ya umri wao. Nikawaambia, wazee wangu, nendeni mkapange siku ya mbio.

Jumanne iliyofuata, benchi lilikuwa na watu wawili.

"Bega," akasema Nyabuto.

"Mbio hukimbiwa kwa bega, Mwalimu?"

"Ni la kupunga mikono nikikimbia."

Makori naye alikuwa na goti. Nikalishika. Lilikuwa zuri kama la kuchorwa. "Si hilo," akasema. "Imehamia ile ingine."

Ikawa hivyo. Bega lilipopoa, ikaja shingo. Goti la pili lilipopona, likaja kidole gumba cha mguu. Nilianza kujitilia shaka. Nilirudia vipimo vyote, nikafungua vitabu vya chuoni, nikakosa usingizi kwa ajili ya kidole gumba. Wakati huo harusi ilikuwa imening'inia.

Ndipo akaja Kemunto mwenyewe. Alikuwa fundi wa nguo mjini Kisii, msichana mwenye macho ya kukata vizuri kuliko mkasi. Hakukaa.

"Daktari, gauni nimelishona mwenyewe. Nimelipunguza, nimeliongeza, nimelikunja nimeliweka juu ya kabati. Evans ananiambia tungoje wazee wapone. Nimengoja kisigino, nimengoja goti, sasa ni kidole. Mimi siwezi kungoja mpaka baba aote goti la tatu. Mwezi huu ukiisha, Evans nitamrudishia pete yake, na kila mtu akae kwao."

"Umemwambia baba yako?"

"Nimemwambia. Akashika kiuno akasema anasikia kitu."

Jumanne ile niliwafungia mlango. Niliwaambia wavue viatu, wasimame mbele yangu, waruke kwa mguu mmoja. Waliruka. Kulia, kushoto. Nikawaambia waendelee. Waliruka kama watoto wa chekechea, huku kila mmoja akimkodolea mwenzake macho aone kama atachoka kwanza, mpaka wakasahau kwamba walikuwa wagonjwa.

"Sasa niambieni ukweli," nikasema. "Ninyi hamna kitu."

Wakaacha kuruka. Makori ndiye aliyezungumza, akiangalia sakafu.

"Hao watoto wakioana, huyu atakuwa omoko wangu."

Ninyi mliotoka mbali mwelezwe. Omoko ni mkwe, na kwa Abagusii wazazi wa bwana na wazazi wa bibi ni wakwe kwa wakwe. Kati yao kuna heshima inayoitwa chinsoni, na chinsoni haina mchezo. Mkwe hataniwi. Mkwe hatukanwi. Mkwe haonyeshwi paja wala hashikiwi tyubu. Mkikutana njiani kila mmoja anafunga vifungo vya koti, mnaulizana habari za nyumbani, mnaachana.

"Wale wote tulikimbia nao siku ile wameshalala," Makori akaendelea. "Mimi nikilala, ni nani atajua nilikuwa na mbio? Ni huyu tu. Na yeye ni muongo, lakini anakumbuka."

Nyabuto alikuwa akivuta soksi yake iliyokwisha kuvutika. "Nyumbani kila mtu ananiita Mwalimu," akasema. "Hakuna mtu ananiambia miguu yangu ni mikia ya panya."

Nimefundishwa mazoezi ya kila kiungo, lakini la hapo sikuwa nalo. Niliketi kwenye kile kiti. Kisha nikawaambia habari ya gauni lililo juu ya kabati, na ya pete, na ya goti la tatu. Niliwaambia yote bila kulainisha. Nyabuto alipumua kwa pua muda mrefu.

"Jumapili," akasema. "Baada ya misa ya huyu."

Mbio zilifanyika kwenye uwanja wa shule moja kule Nyanchwa, kwa sababu si kwa huyu wala si kwa yule. Watu walikuja wengi kuliko waliokuja kwenye posa. Mwamuzi alikuwa mwalimu wa michezo mstaafu ambaye pande zote zilimkubali kwa kuwa alishatangaza kwamba wote wawili hawajui kukimbia. Nilihakikisha wamepasha mwili moto. Wote walivaa raba, na nilijivuna kuliko wazazi siku ya kufuzu.

Filimbi ikalia na hakuna aliyeitangulia. Wakakimbia bega kwa bega, hatua fupi, nyonga zimetulia, visigino havilii. Akina mama wa Sironga wakapiga vigelegele, kwaya ya Nyakoe ikaanza wimbo. Mzunguko wa pili, wa tatu, bado bega kwa bega. Nilikuwa naona mabingwa wangu wakipita.

Mzunguko wa mwisho, wakapunguza. Nilidhani wanaweka akiba. Wakapunguza tena. Wakawa wanatembea. Wakaja mpaka kwenye mstari wa chokaa, wakasimama, vidole vya raba karibu kuugusa, na hapo wakaganda.

Kwaya ikanyamaza katikati ya ubeti.

"Pita," akasema Makori.

"Pita wewe."

"Wewe ndiye ulisema ulishinda. Si ushinde?"

"Naona unachechemea. Sitaki kesho useme nilimshinda kiwete."

"Nani anachechemea? Nimesimama!"

Mwamuzi alitishia kuwafuta wote wawili. Hakuna aliyemwangalia. Mimi nilimtazama Kemunto. Alikuwa amesimama ng'ambo ya mstari, mikono kifuani, akiichezea ile pete kidoleni, anaivuta hadi kwenye kifundo na kuirudisha. Nafikiri baba yake aliona kile nilichokiona mimi.

Mzee Makori alishika zipu ya fulana yake ya michezo akaivuta juu, polepole, mpaka kidevuni, kama mtu anayefunga koti. Akarudi nyuma hatua moja. Akainamisha kichwa.

"Tangulia, omoko," akasema.

Nyabuto alishtuka kama nimembonyeza tena kwenye ile kano. Alimtazama mwenzake kwa muda, akitafuta kama kuna utani uliobaki usoni mwake. Haukuwapo. Basi akashusha kaptula yake ifunike magoti kadiri ilivyoweza, akasema, "Asante, omoko," akavuka mstari. Akashinda. Watu hawakujua washangilie nini. Ni Kemunto aliyeanza vigelegele.

Harusi ilifanyika Sironga, Jumapili. Gauni lilimkaa kama ngozi. Wale wazee walikaa mbele, njia ya katikati ikiwa kati yao, makoti yamefungwa. Walisalimiana mbele yangu. "Habari ya nyumbani?" "Ni nzuri. Ya kwako?" "Ni nzuri." Kisha kila mmoja akaenda kwa watu wake. Sijawahi kuona watu wawili wazima namna ile wakionekana wagonjwa namna ile.

Zikapita wiki. Sikuwaona tena, na Jumanne ikawa siku ya kawaida ya viuno na mabega. Yule mama wa kiharusi alianza kusema maneno mengine, lakini alikuwa akiyasema bila furaha.

Halafu asubuhi moja ya Jumanne akaja Nyabuto, suti, raba, peke yake. Nyonga, akasema. Nikamlaza kitandani. Hajamaliza kukunja suruali, Makori akatokea mlangoni. Alipomwona, aligeuza uso haraka akatazama ukutani, kama inavyotakiwa, na Nyabuto akajifunika shuka mpaka shingoni, kama inavyotakiwa. Makori alikuwa amekwisha kugeuka aende zake. Kisha akasimama. Alizungumza nami, uso ukiwa bado ukutani.

"Daktari, hapa hamna pazia?"

Lilikuwapo moja stoo, la kijani, lililotolewa wodini kwa uzee. Nilifunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye msumari, nikalitundika kati ya vitanda viwili. Makori akaingia upande wake kwa kunyata. Nikasikia viatu vikivuliwa, kitanda kikilia. Pazia likitulia, mtu haoni paja la mtu, wala hajui ni nani yuko wapi. Heshima ilikuwa imekaa mahali pake.

Nikawapa kila mmoja tyubu. Kwa muda palikuwa na kupumua tu.

"Daktari," akasema Nyabuto hatimaye, kwa sauti ya kanisani. "Huyo mgonjwa wa upande wa pili anapumua kama ng'ombe anayezaa. Ni nani?"

"Simjui," nikasema.

Kamba ikatikisika.

"Hata mimi simjui huyo anayeuliza," ikajibu sauti ya Makori, "lakini nasikia goti lake likilia kama mlango wa choo."

Pazia hilo bado liko. Nawaomba msilifue siku ya Jumanne.